Mkimbiaji wa Vumawimbi: niliyoambiwa na wasomaji wangu kuhusu usonji

Riwaya ninayoiandika ni ya kijana wa Makangale, kaskazini ya Pemba, ambaye kila alfajiri maji yakikupwa hukimbia juu ya mchanga wa Vumawimbi, kwenda na kurudi. Ana miaka 15, ana usonji (kwa Kiingereza autism), na anazo mbio ambazo wanaume wazima wa kijijini kwao hawazifikii. Sura saba za mwanzo nimezisomesha kwa watu walio karibu nami: walimu wenzangu wa skuli, jirani zangu hapa Wete, na bibi mmoja aliyesomewa na mjukuu wake. Hawakushughulika sana na lugha yangu. Walishughulika na kijana, na karibu kila walilolisema juu yake nimewahi kulisikia likisemwa juu ya watoto wa kweli.

"Mwanangu, mtoto huyo ana mtu. Mbona mama yake hampeleki akatazamwe?"

Aliyeuliza ni yule bibi, na aliuliza kwa huruma. Kwetu, mtoto anayeitwa haitiki, anayejitikisa na kupeperusha vidole mbele ya macho yake, haraka husemwa ana shetani au kapigwa jicho. Usonji ni namna ya tofauti ubongo unavyojengeka tangu mtoto yumo tumboni, na sehemu kubwa ya chanzo chake imo katika vinasaba. Kule kujitikisa mara nyingi ni njia yake ya kujituliza, kama mwengine anavyovuta tasbihi. Mzazi kumwombea dua mwanawe ni haki yake, na mimi namwitikia amina. Ninachokikataa ni moshi puani na fimbo mgongoni ili "huyo mtu atoke". Mtoto huyu kelele na harufu kali tayari zinamuumiza kuliko wenzake, nawe unamwongezea.

Mwalimu mmoja yeye alimlaumu mama: hakumkumbatia alipokuwa mchanga. Hilo hata wasomi waliwahi kuliamini. Marekani, Bruno Bettelheim alieneza dhana kwamba usonji hutokana na mama asiye na mapenzi, ingawa tangu 1964 Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuandika kitabu cha kuipinga. Akina mama wangapi walilia bure kwa dhana ile! Na chanjo ya surua, inayosingiziwa kuleta usonji, pia haimo. Makala ya Uingereza ya 1998 iliyozusha hofu ilihusu watoto 12 tu. Jarida lililoichapisha liliifuta 2010, na mwaka huo huo daktari aliyeiongoza akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakatoa matokeo 2019: uhusiano haupo. Kampeni ya surua ikifika mtaani kwako, mpeleke mtoto.

"Mungu kamnyima hiki, akampa kile."

Hili ndilo walilolipenda wengi, na ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyelipanda. Nimeandika kijana mwenye kipaji, basi msomaji anafunga kitabu akidhani kila mwenye usonji ana kipaji kilichojificha mahali, na kazi ya wazazi ni kukitafuta. Sivyo. Wenye vipaji vya ajabu ni wachache. Tena katika michezo, kwa wengi wenye usonji mambo huwa magumu zaidi: kudaka mpira, kusimama kwa mguu mmoja, kujua mwenzako ataupeleka wapi mpira kabla hajaupiga. Wapo wanaozungumza vizuri, wakasoma, wakafanya kazi. Wapo ambao hawatatamka neno maishani na watahitaji kuogeshwa na kuvishwa hadi ukubwani. Wote hao wana usonji.

Mbio za kijana wangu zimetoka kwenye miguu na mapafu yake, na miaka ya kukimbia mchangani. Usonji umemsaidia pahala pamoja labda: hachoki kurudia. Njia ile ile, saa ile ile, minazi ile ile anayoihesabu. Lakini siku mnazi mmoja ulipoangushwa na upepo hakukimbia wiki nzima, na alijipiga kichwa ukutani. Sikuweza kuandika la kwanza nikaliacha la pili.

Kwa hivyo nimeongeza mtu. Sura ya tano sasa ina binamu yake, msichana wa miaka 11, naye ana usonji, hasemi, na hakimbii. Nimemfanya msichana kwa makusudi, maana wasichana wengi hukosa kutambuliwa mapema. Hali yao huitwa aibu au upole. Msomaji mmoja kaniuliza, "Na huyu anafanya nini katika hadithi?" Anakaa ukumbini na bibi yake, anapanga makombe ya pwani kwa ukubwa, anapendwa.

"Hana adabu, na moyo wake mkavu."

Hapa natoa langu. Miaka ya nyuma nilikuwa nikisimamia michezo ya skuli. Nilipuliza filimbi karibu na mtoto mmoja, akaanguka chini, mikono masikioni, akipiga ukelele. Nilidhani ni kiburi, nikamsimamisha juani. Leo najua kuwa sauti ile kwake ilikuwa kama sindano. Alipokuwa amelala pale chini hakuwa akinichezea. Alikuwa amezidiwa, na mtoto aliyezidiwa hasikii amri. Alihitaji kivuli na ukimya. Mwanzo wa mbio una njia nyingi: viziwi huanzishiwa kwa taa. Katika riwaya, siku ya mashindano kiwanja cha Gombani, mwalimu anaangusha leso. Ile leso ni deni langu kwa mtoto yule.

"Mpeleke Paralimpiki, medali iko mezani."

Haiko mezani. Katika Paralimpiki, michezo ya dunia ya wenye ulemavu, mbio za kundi la T20 ni za wenye ulemavu wa akili, na ulemavu huo lazima uthibitishwe kwa vipimo. Mwenye usonji ambaye akili yake ya kusoma na kupambanua iko sawa haingii humo. Masharti yalikazwa baada ya aibu ya Sydney 2000, ambapo timu ya Hispania ya mpira wa kikapu ya wenye ulemavu wa akili ilishinda dhahabu huku wachezaji 10 kati ya 12 wakiwa hawana ulemavu huo. Wanamichezo wenye ulemavu wa akili walitolewa katika Paralimpiki, wakarudi London 2012. Mwaka ule Jessica-Jane Applegate wa Uingereza, mwenye usonji, aliogelea mita 200 akatwaa dhahabu akiwa na miaka 16. Mmarekani Mikey Brannigan alikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 57 mnamo Agosti 2016, kisha akashinda mita 1,500 Rio. Wote wawili walifika huko kwa makocha na miaka ya mazoezi.

La mwisho lilinijia kutoka kwa mvuvi: "Mtoto kama huyo mfungieni, asisogee pwani." Namwelewa. Watoto wengi wenye usonji hupenda kuondoka kimya kimya, tena huvutwa na maji, na kwa wanaopotea hivyo kuzama ndiko kunakoua zaidi. Lakini kisiwani utaifungia wapi bahari? Kufuli ya mlango ni muhimu. Kuogelea ni muhimu zaidi, na mtoto anaweza kufundishwa polepole, mtu yule yule, pahala pale pale.

Nikamwomba mvuvi anieleze angelianzaje. Sura ya nane inafungukia hapo: mjomba na kijana wamesimama Vumawimbi, maji yamefika magotini, kamba ya ngalawa imefungwa viuno vyote viwili, na kijana anahesabu mawimbi kwa sauti.