Taimingi za RAM, na kwa nini spidi peke yake haitoshi

Chukua kipande cha RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, usome stika yake. Utakuta kitu kama DDR4-3200, na karibu yake 16-18-18-38. Wanunuzi wengi huishia kwenye ile 3200. Namba nne zinazofuata ndizo taimingi, na bila hizo huwezi kujua RAM hiyo inaitika upesi kiasi gani.

3200 maana yake ni kwamba data inaweza kupita mara milioni 3200 kwa sekunde. DDR, aina ya RAM tunayoizungumzia (DDR4 na DDR5 ni vizazi vyake), hupitisha data mara mbili katika kila pigo la saa yake, hivyo saa yenyewe hupiga kwa megahezi 1600. Ndiyo maana programu ya CPU-Z huonyesha 1600, na mtu akadhani ameuziwa RAM feki. Hajaibiwa.

Taimingi zenyewe ni hesabu ya kusubiri. Ndani ya chipu data imepangwa kwa safu za mlalo na za wima, na safu ya mlalo lazima ifunguliwe kabla ya kusomwa. Namba ya kwanza, inayoitwa CL, ni mapigo ya kusubiri pale safu inapokuwa tayari wazi. Ya pili ni mapigo ya kuifungua safu, ya tatu ni ya kuifunga ile iliyokuwa wazi, na ya nne ni muda mfupi kabisa ambao safu inatakiwa kubaki wazi.

Kwenye RAM yetu pigo moja huchukua nanosekunde 0.625. Safu ikiwa wazi, mapigo 16 ni nanosekunde 10 tu. Lakini ikiwa wazi ni safu nyingine, prosesa italipa zote: 18 za kufunga, 18 za kufungua, 16 za kusoma. Hayo ni mapigo 52, yaani nanosekunde 32.5.

Basi usilinganishe CL kwa macho. Zidisha CL kwa 2000, kisha gawanya kwa spidi. DDR4-3600 yenye CL18 inatoa nanosekunde 10, na DDR5-6000 yenye CL30 inatoa 10 zilezile, ingawa 30 inatisha ukiiona. DDR5-4800 yenye CL40 inafika karibu 16.7, hiyo ni mpya lakini nzito kuitika.

Kipi kitangulizwe kinategemea kazi. Grafiki zilizomo ndani ya prosesa hula data nyingi kwa mfululizo, kwa hiyo hunufaika sana na spidi. Gemu zenye kadi nzuri ya grafiki hurukaruka kutafuta vipande vidogo vya data, na hapo kusubiri kidogo ndiko kunakosaidia. Kwa prosesa za Ryzen 7000, AMD wenyewe, watengenezaji wake, walielekeza watu kwenye DDR5-6000. Ukipita sana hapo, kidhibiti cha kumbukumbu huwa kinalazimika kushuka hadi nusu ya kasi ya RAM, na faida uliyoinunua inapungua.

Lakini kabla ya kulipia CL ndogo, hakikisha una vipande viwili vinavyofanana, kwenye nafasi zinazotakiwa. Kipande kimoja cha 3200 hupitisha hadi gigabaiti 25.6 kwa sekunde, viwili, 51.2. Hakuna taimingi itakayokupa ongezeko la namna hiyo.

Halafu ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, uwashe XMP, au EXPO kwa AMD: mpangilio wa spidi na taimingi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe. Usipowasha, RAM ya 6000 huweza kukaa kwenye 4800 miaka yote. Kompyuta nyingi za ofisini hazina kipengele hicho, kwa hiyo usizinunulie RAM ya bei kali.

Ukishabadilisha, pitisha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Likitokea kosa hata moja, punguza spidi au ongeza taimingi, kwa sababu data iliyosomwa vibaya huharibu mafaili yako kimyakimya hata kama Windows inawaka vizuri.