Mota ya projekta si mota ya kusaga mahindi

Huku Mbeya fundi wa mota hakosi kazi. Mashine za kusaga na kukoboa ziko kila mtaa, kuna randa za maseremala, pampu za maji, na viwanda vya chai vya Rungwe, hadi vya Mufindi kule Iringa. Ukipita Mwanjelwa, harufu ya vanishi inakufikia kabla hujayaona mabanda yenye steta (sehemu za mota zisizozunguka, zenye koili) zilizopangwa nje. Kwa hiyo projekta ya filamu ikigoma, iwe ya shule, ya parokia au ya mtu aliyerithi vyombo vya sinema, hukimbizwa kwa mafundi hao hao. Ni watu hodari, na kusuka mota, yaani kuifunga waya mpya kwenye koili, nimejifunza kwao. Lakini mota ya kusaga hutafutwa nguvu, na mota ya projekta hutafutwa mwendo: mwendo mmoja usioyumba tangu filamu inaanza hadi inakwisha. Nyingi ya dhana zinazoua projekta zetu zimezaliwa hapo, kwenye kuisahau tofauti hiyo.

"Inaunguruma na haizunguki, basi imeungua"

Mwalimu mmoja aliniletea projekta ya milimita 16 kutoka Tukuyu. Alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba mota isukwe upya, na bei ameshatajiwa.

"Shikamoo fundi. Wanasema imekufa."

"Marahaba mwalimu. Usilipe kwanza, tuipime."

Nilichomoa plagi, nikatoa mkanda unaounganisha mota na mashine, nikazungusha shafti kwa vidole. Ilizunguka laini kabisa. Kilichokamata kilikuwa mashine yenyewe: mafuta ya miaka mingi yalikaukia kwenye bushi (mirija inayoshika shafti) na gia yakawa kama utomvu wa msonobari. Tulifungua, tukasafisha, tukatia mafuta mapya mepesi. Mwalimu alirudi Tukuyu bila kulipia hata kipande cha waya.

Mota iliyoungua kweli haijifichi. Ina harufu yake, vanishi imekuwa nyeusi, na testa itaonyesha koili imekatika au inavujisha umeme kwenye bodi, yaani ganda la mota. Inayounguruma tu, kama ni ya aina yenye kapasita (kile kikopo kinachohifadhi umeme wa kuianzisha mota), anza na kapasita, kisha beringi, kisha kile inachokizungusha. Dalili ya kapasita iliyochoka ni kwamba, mkanda ukiwa umetolewa, ukiisukuma puli kidogo kwa kijiti mota inashika na kuendelea yenyewe. Ila kumbuka kapasita huhifadhi umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako. Itoe chaji kwa kupitisha kwenye balbu kabla hujaigusa.

"Mota yoyote ya ukubwa huo itafaa"

Hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu, kwa sababu hapa ndipo projekta nzuri zinapoharibiwa na watu wenye nia njema.

Filamu yenye sauti hupita picha 24 kwa sekunde. Katika projekta nyingi za milimita 35, anayeivuta ni gurudumu la meno 16 linaloendeshwa na kichuma chenye umbo la msalaba na mifereji minne. Pini inaingia mferejini, inausukuma msalaba robo mzunguko, gurudumu linasogea meno manne, na picha moja inashuka. Picha 24 kwa sekunde zinataka pini izunguke mara 24 kwa sekunde, yaani mara 1,440 kwa dakika. Sasa chukua mota ya nguzo nne (nguzo ni ncha za sumaku za steta) kwenye umeme wetu wa Hz 50, yaani unaorudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde. Sumaku ya steta inazunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota, ile sehemu inayozunguka, ikiwa na mzigo hubaki nyuma kidogo, kwenye 1,440 hivi. Hesabu mbili zinakutana. Ukifunga mota ya nguzo mbili kwa sababu tu umbo na matundu ya boliti yamelingana, unaukimbiza msalaba karibu mara mbili, na meno yatachana matundu ya filamu kabla hujaifikia swichi.

Kosa lingine linakuja na mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani. Watu huona kibao kimeandikwa volti 115, wanatafuta transfoma, wanaamini wamemaliza. Transfoma hushusha volti tu, Hz inabaki 50, na mota ile ilipangiwa 60. Kama mota ni ya kufuata Hz, projekta itaenda picha 20 kwa sekunde badala ya 24. Filamu ya dakika 90 itachukua dakika 108, sauti za akina mama zitakuwa nzito kuliko kawaida, na mota yenyewe itapata joto kupita kiasi kwa sababu chuma chake kinajazwa sumaku kuliko kilivyopangiwa. Dawa yake ni kubadili puli au gia, au kufunga mota ya Hz 50 iliyopigiwa hesabu.

Projekta nyingi ndogo za milimita 16 zina mota ya aina nyingine, yenye kaboni na koleta (pete ya vipande vya shaba ambayo kaboni huigusa) kama ya drili. Hii haifuati Hz. Mwendo wake hutegemea volti na mzigo, na anayeushika ni gavana, kile kifaa chenye platini (vituo vya kugusanisha umeme) zinazofunguka shafti ikizidi kasi. Platini zikichimbika, sauti ya filamu hupanda na kushuka kama mtu anayeimba huku anatikiswa kwenye lori la Chunya. Mota yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Kipimo ni rahisi, na sielewi kwa nini hakitumiki. Futi moja ya filamu ya milimita 16 ina picha 40, kwa hiyo kwa picha 24 kwa sekunde zinapita futi 36 kwa dakika. Ile ya milimita 35 ina picha 16 kwa futi, zinapita futi 90. Tafuta filamu ya milimita 16 ya kutupwa, weka alama mbili zilizoachana futi 36, shika saa. Zikipita kwa sekunde 60, mwendo uko sawa. Pima kabla ya kufungua mota na upime baada ya kuifunga.

"Kaboni ni kaboni"

Nimekuta ndani ya projekta kaboni iliyochongwa kutoka kwenye betri kavu ya redio. Inazunguka, ndiyo. Lakini ugumu wake haukupangiwa kazi hiyo, na baada ya muda koleta inakuwa na mfereji ambao mkono unausikia. Kaboni iwe ya ukubwa wake na daraja lake, springi isukume bila kulegea. Mpya ikalishwe vizuri: zungushia koleta msasa laini, upande mkali ukitazama kaboni, usogeze huku na huku hadi kaboni ipate mkunjo wa koleta, kisha pulizia vumbi lote nje. Msasa wa chuma usiutumie hapa, punje zake zinaweza kupitisha umeme kati ya vipande vya shaba.

"Grisi ikizidi haidhuru"

Inadhuru. Mota nyingi ndogo za projekta hazina beringi za gololi, zina bushi za shaba nyeusi zenye vitundu visivyoonekana, na mafuta hukaa ndani ya vitundu hivyo. Ukipaka grisi unaviziba. Matone mawili ya mafuta mepesi yanatosha. Yakizidi hurushwa, na yakirushwa hutua kwenye mkanda wa mpira, kwenye lenzi ya sauti na kwenye filamu yenyewe. Zile dawa za kunyunyiza za kulegeza boliti nazo si mafuta ya kulainishia. Zinaosha kilichokuwepo kisha zinakauka.

Na huku kwetu kuna baridi. Juni na Julai, chumba kilichofungwa wiki nzima Njombe au Makete kinaweza kuganda, na mafuta mazito ya gari yanakuwa kama asali. Mota inaunguruma asubuhi, watu wanasema imekufa. Zungusha mashine kwa mkono kwanza kwa kitasa chake, mara kumi au ishirini, ndipo uwashe.

Picha inayochezacheza watu pia huitupia mota. Mara nyingi ni meno yaliyolika, kucha inayovuta filamu, au mlango wa filamu (pale filamu inapopita mbele ya taa) uliolegea. Herufi nyeupe zikiota mikia juu au chini, shata, kile kinachokata mwanga picha inaposogea, imetoka kwenye mpangilio wake. Mota mbovu utaisikia zaidi kuliko utakavyoiona.

"Choma koili kwa moto, shaba itoke haraka"

Ikifika kweli kusuka, hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, maana uharibifu wake hauonekani kwa jicho. Steta ni mabati membamba yaliyopakwa rangi ya kuyatenga. Moto wa mafuta ya taa unaila rangi hiyo, mabati yanagusana, na mota iliyosukwa vizuri sana itakuwa inapata joto hata bila mzigo. Kata vichwa vya koili upande mmoja, pasha kwa kiasi, vuta upande wa pili. Hesabu mizunguko ya kila koili na upime unene wa waya kwa maikromita, uandike kabla hujatupa chochote. Waya "unaokaribiana" haufai kwenye mota ya koleta, kwa sababu mizunguko ikibadilika na mwendo unabadilika. Chovya vanishi, kausha kwenye oveni, kisha pima kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya koili na bodi. Chini ya megaomu moja usiirudishe kwa mwenyewe.

Kuna jambo moja la mahali petu. Mota za kawaida hupigiwa hesabu ya kufanya kazi hadi mita 1,000 juu ya bahari. Iringa iko kwenye 1,600 hivi, Mbeya kwenye 1,700. Hewa ni nyepesi, inabeba joto pungufu kuliko vile mtengenezaji alivyofikiria, hata kama sisi tumevaa makoti. Feni ya mota iliyovunjika bawa moja, ambayo pwani ingesamehewa, hapa ibadilishwe. Na ukitumia jenereta dogo, angalia volti: zikishuka kwa asilimia 10, mota ya kapasita inabaki na asilimia 81 tu ya nguvu yake ya kuanzia.

Mashine ikishafungwa, naiendesha nusu saa bila filamu, nikiweka kiganja kwenye bodi ya mota kila dakika kumi. Kisha kile kipande cha futi 36. Filamu ya mwenye projekta ndiyo ya mwisho, hasa kama ni ya poliesta: hiyo haikatiki ikikwama, na kitakachokatika badala yake ni gia.