Je, wajua kwa nini chujio la tangi la vifaranga wa samaki halitakiwi kutakata?

Kosa limejificha ndani ya neno lenyewe. Tunasema chujio, na akili inakimbilia jikoni: chai inapita, majani yanabaki. Basi mtu wa Nyegezi au Igoma, hapa Mwanza, anayetaka kuzalisha furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, sebuleni anatafuta chujio lenye nguvu kuliko yote dukani, analifunga kwenye tangi la lita 60, maji yanang'aa, na wiki ya pili vifaranga wanaanza kufa. Analiosha kwa maji ya bomba mpaka sponji irudi rangi yake ya dukani. Sasa wanakufa kwa kasi zaidi.

Karibu kila mfugaji wa tangi ameanzia hapo, tunaoandika maelezo haya tukiwamo.

Turudi jikoni. Tia sukari kwenye chai, koroga, kisha chuja. Majani yamenaswa, sukari imepita yote. Sumu kuu ya tangi ni kama hiyo sukari, si kama majani. Samaki hutoa sehemu kubwa ya taka zake za nitrojeni kupitia matamvua, si kwa kinyesi, nayo hutoka ikiwa amonia iliyokwisha kuyeyuka. Hakuna tundu dogo kiasi cha kuinasa. Kwa hiyo maji meupe pe yanaweza kuua, na maji yaliyofifia kidogo yanaweza kulea.

Kazi ya kuondoa amonia ni ya bakteria wanaoishi juu ya sponji, na hao ndio chujio hasa. Sponji ni nyumba yao tu. Fikiria mwalo wa dagaa. Kundi la kwanza linapakua mitumbwi, kundi la pili linaanika. Wapakuaji wakifika wiki nzima kabla ya waanikaji, dagaa wanarundikana na kuoza mchangani. Kwenye tangi jipya mambo huenda hivyohivyo: bakteria wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili, wanaoigeuza kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa, huchelewa kujaa. Ndiyo sababu vifo vingi huja wiki ya pili au ya tatu, mfugaji akidhani ameshavuka. Kwa joto la maji ya Mwanza, nyuzi 25 hivi, makundi yote mawili huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kukamilika. Bakteria wa kawaida wa jikoni huweza kuongezeka maradufu kwa nusu saa. Hawa huchukua saa nyingi, mara nyingine siku nzima. Hata utambulisho wao umewahi kukosewa. Vitabu vya zamani vilimtaja Nitrobacter kuwa ndiye wa hatua ya pili, lakini vipimo vya vinasaba vya miaka ya 1990 kwenye matangi ya samaki vilimkuta Nitrospira kazini.

Kuosha sponji kwa maji ya bomba, basi, ni kuwafukuza mwaloni wote wawili. Maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, hutiwa klorini ili tusiugue, nayo klorini haichagui bakteria.

Kwa tangi la kuzalishia, chaguo letu ni sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Furu jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu, na huyo furu mwekundu na mweusi aliyepewa jina nyererei mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu, hufanya vivyo hivyo. Mkondo mkali humsumbua, na jike aliyesumbuliwa huweza kuwatema au kuwameza. Wakishatoka mdomoni, chujio la mota huwavuta ndani. Sponji haina nguvu hiyo; kinyume chake, vifaranga huonekana wameizunguka wakidonoa ule utando unaoteleza, maana ndani yake mna viumbe vidogo wanavyovila.

Povu halisukumi maji, ingawa macho yanasema hivyo. Maji yenye povu ndani ya bomba lililosimama katikati ya sponji ni mepesi kuliko ya nje, kwa hiyo yale mazito ya nje yanapenya sponji kuja kujaza nafasi. Ndiyo maana bomba refu lililozama vizuri huvuta zaidi ya fupi.

Kwa lita 60 chukua sponji ya upana na urefu wa sentimita 10 hivi, yenye matundu 20 hadi 30 kwa inchi. Godoro lililokatwa halifai sana: matundu yake ni madogo mno, huziba upesi, na baadhi huwa na dawa za kiwandani. Bomba la plastiki la nusu inchi lililotobolewa kwa msumari wa moto linatosha. Weka sponji mbili, kisha ukianzisha tangi jipya hamishia moja iliyokwisha kukaa wiki 6.

Povu likipungua, kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 4, kamua sponji moja tu, mara tatu au nne, ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini. Ikibaki ya kahawia, vizuri.

Maji ya ziwa letu yana madini machache, na bakteria hawa hula uwezo wa maji kuzuia tindikali. pH, yaani kipimo cha tindikali ya maji, ikishuka chini ya 6.5 wanazembea. Maganda ya konokono yaliyochemshwa, yale wafuga kuku wanayochanganya kwenye chakula, gao moja ndani ya soksi, hurekebisha. Usizidishe: katika pH 7 amonia iliyo katika umbo la sumu kali haifiki asilimia 1, katika pH 8 ni kama 5, katika pH 9 inapita 30.

Halafu umeme. Pampu iwe juu ya usawa wa maji, la sivyo ikizimika maji hurudi kupitia mrija na kuiua. Bakteria hula takriban gramu 4.5 za oksijeni kwa kila gramu ya nitrojeni ya amonia, kwa hiyo chujio lililofungwa ndani ya ndoo yake huishiwa hewa ndani ya saa chache, na umeme ukirudi hutapika uozo tangini. Sponji iliyo wazi huvumilia zaidi. Umeme ukichelewa, chota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila nusu saa, na usiwalishe samaki mpaka urudi.