Mwanamke yuko chini ya mwanaume kiroho? Tutenganishe kwanza maswali mawili

Hili swali linatufikia sana sisi tunaofundisha Biblia, na likija linakuja na moto, mmoja kashika Wagalatia 3:28 (katika Kristo hapana mtu mume wala mtu mke) mwingine kashika 1 Timotheo 2:12 (simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha), wanarushiana aya mpaka basi. Shida wanabishania vitu viwili wakidhani ni kimoja. Kwanza, je mbele za Mungu mwanamke ni pungufu? Pili, aruhusiwe nafasi gani kanisani, uchungaji, upadre, uaskofu? Hilo la pili ndo limegawa makanisa kwelikweli.

La kwanza jibu lake liko wazi kuliko watu wanavyodhani. Mwanzo 1:27 inasema mwanaume na mwanamke waliumbwa kwa mfano wa Mungu, wote wawili. Halafu angalia Paulo anaongea nini na Wagalatia, ugomvi ulikuwa tohara, na tohara ni alama ya agano iliyokuwa inakaa kwenye mwili wa mwanaume tu, sasa ubatizo ukaja na kila mtu anabatizwa yeye mwenyewe, hakuna ubatizo wa kike wala wa kiume. Ndo hapo anasema hapana mtu mume wala mtu mke.

Kuna stori inazunguka eti mtaguso wa Mâcon, yaani mkutano wa maaskofu huko Ufaransa ya leo, mwaka 585 ulikaa kujadili kama mwanamke ana roho. Hakuna azimio la hivyo. Gregory wa Tours, askofu na mwandishi wa historia wa wakati huo, anasimulia askofu mmoja tu aliyesema mwanamke hawezi kuitwa "mtu", wenzake wakamjibu kwa kitabu cha Mwanzo, akanyamaza.

Sasa la pili. 1 Wakorintho 14:34 wanawake wanyamaze kanisani, sawa, ila sura ya 11:5, barua ileile, Paulo anaelekeza mwanamke anayesali au kutoa unabii afunike kichwa. Kwani unampangia mtu utaratibu wa kitu ulichomkataza? Wengine wanasema sura ya 14 ilikuwa inazima fujo za pale Korintho, wengine wanatilia shaka aya zenyewe maana kuna nakala za kale zimeziweka mwisho wa sura baada ya aya ya 40, na wengine wanazishika kama amri ya kudumu. Mimi naona vigumu kuzifanya amri ya kudumu huku Warumi 16 ina Fibi mhudumu wa kanisa la Kenkrea, ina Yunia, mwanamke anayetajwa kuwa maarufu miongoni mwa mitume, na Matendo 18:26 inamuonyesha Prisila na mumewe wakimfundisha Apolo, tena Apolo mwenyewe alikuwa msomi wa Maandiko.

Wakatoliki mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alisema kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre, lakini kanisa hilohilo limewapa wanawake wanne cheo cha Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake yanatambuliwa kuwa ya kufaa kanisa zima, Teresa wa Avila na Katarina wa Siena 1970, Teresa wa Mtoto Yesu 1997, Hildegard wa Bingen 2012, kwa hiyo padre anakaa anasoma mafundisho yao. Waorthodoksi nao hawatoi upadre kwa wanawake. Kanisa la Uingereza, yaani Anglikana, lilianza kuwapa upadre 1994, na askofu wa kwanza mwanamke akawekwa wakfu 2015. Ukikubaliana nao au usikubaliane, hakuna kati yao anayefundisha kwamba sala ya mwanamke inafika kwa Mungu imechelewa.

Ila mahubiri mengine yanafundisha hivyo bila kutamka, utasikia "chombo kisicho na nguvu" toka 1 Petro 3:7 na mhubiri anakata hapohapo. Aya inaendelea bwana, wake ni warithi pamoja wa neema ya uzima, na mume ampe heshima mkewe kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe. Yaani anayeonywa kwamba maombi yake yanaweza kukwama hapo ni mwanaume.