Kwa nini barakoa ni kinga ya mwisho kazini, na si ya kwanza?

Ukimwuliza mtu anajikingaje na vumbi kazini, atakutajia barakoa. Wataalamu wa usalama na afya mahali pa kazi wao huiweka mkiani kabisa mwa orodha yao ya kinga, na wana sababu nzito. Tutazame vumbi la mawe, maana hapo sababu hizo zinaonekana wazi.

Mchanga, zege, matofali na mawe mengi vina madini yaitwayo silika. Jiwe likiwa zima halina neno. Balaa huanza linapokatwa, linapotobolewa au linaposagwa. Lile vumbi nene linalokupigisha chafya silo baya zaidi, kwani chembe zake kubwa hunaswa puani na kooni, kisha hutoka na kamasi au makohozi. Za kuogopa ni zile zisizoonekana, zenye upana wa maikromita 4 hivi kushuka chini (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa binadamu hufikia 70. Hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu.

Humo seli za kinga huzimeza kama zinavyomeza vijidudu. Lakini silika haiyeyushwi. Seli inakufa, chembe inabaki, seli nyingine inaimeza, nayo inakufa. Kila mara panabaki uvimbe, na uvimbe unazaa kovu, hadi mapafu yanakakamaa na mtu anahema kwa kupanda ngazi chache tu. Ugonjwa huu huitwa silikosisi. Makovu yake hayafutiki kwa dawa yoyote, huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na humweka karibu zaidi na kifua kikuu na saratani ya mapafu. Tena hauna haraka: mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, ingawa vumbi likiwa jingi kupita kiasi hata miezi hutosha.

Sasa turudi kwenye barakoa. Ya kitambaa haizuii chembe hizo. Yenye chujio maalumu huzizuia, ila sharti ibane uso pande zote, na ndevu peke yake zinatosha kuacha upenyo. Kazi ikiwa ngumu na joto kali, mvaaji ataishusha kidogo apumue au amjibu mwenzake. Na hata akiivaa vizuri, anajikinga yeye tu. Vumbi laini huelea hewani kwa saa nyingi, kwa hiyo anayepita na anayefagia jioni wanalivuta vilevile. Hatari imeachwa palepale, mzigo wa kuikwepa akatwishwa mfanyakazi.

Ndiyo maana swali la kwanza huwa: je, ni lazima vumbi hili liwepo? Mwaka 1949 Uingereza ilikataza kutumia mchanga wa silika katika kusafisha vyuma kwa kupuliza, kwa kuwa vipo vitu vingine vinavyofanya kazi hiyo. Australia nayo, kuanzia tarehe 1 Julai 2024, ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani ya kuwekea juu ya meza za jikoni, ambayo mengine yana silika zaidi ya asilimia 90, baada ya vijana waliokuwa wakiyakata kuugua.

Pasipowezekana kuliondoa, vumbi huzuiwa linapozaliwa. Maji yakitiririka kwenye msumeno, sehemu kubwa yake hugeuka tope kabla ya kuruka. Mashine ya kufyonza iliyofungwa kwenye kifaa husaidia pia. Kufagia pakavu, au kupuliza nguo kwa hewa ya kompresa, hulirusha upya.

Haya si maarifa ya jana. Mwaka 1930 lilianza kuchimbwa handaki la Hawks Nest, West Virginia, Marekani, katika mwamba uliojaa silika. Njia ya kutoboa kwa maji ilikwisha julikana, lakini miamba ilitobolewa mikavu ili kazi iende mbio. Mamia ya wafanyakazi walikufa, wengi wao Wamarekani weusi waliokuwa wamefuata kibarua, na mwaka 1936 Bunge la nchi hiyo likalisikiliza shauri lao. Mimi naona barakoa inapaswa kugawiwa baada ya mwajiri kuonyesha maji yako wapi na mashine ya kufyonza iko wapi. Hapo itabaki na kazi yake halali: kuzuia kile kidogo kilichosalia.