Jicho la kimbunga: utulivu unaodanganya

Dhana: Upepo umetulia, mvua imekatika, jua linachungulia. Kimbunga kimeshapita.

Hakijapita, na hii ndiyo dhana inayoua. Lililofika hapo ni jicho, yaani kitovu chake, ambako hewa hushuka taratibu na mawingu hupungua. Kwa kawaida lina upana wa kilomita 30 hadi 65, ingawa la kimbunga Wilma, mwaka 2005, lilijibana hadi zikabaki kama 4 tu. Kulizunguka umesimama ukuta wa mawingu ya radi, na humo ndimo mwenye upepo mkali kuliko kote. Aliyetoka kukagua paa hukutwa nje na upande wa pili wa ukuta huo, tena upepo umegeuka: mti ulioinamishwa mashariki sasa unasukumwa magharibi, na dirisha lililokuwa limekingika ndilo linalopigwa.

Dhana: Kasi ya upepo ikishuka, kimbunga kinakufa.

Huenda kinabadilisha ngozi tu. Katika vimbunga vikali, mikanda ya mvua ya nje hujikusanya ikawa ukuta wa pili unaouzingira ule wa kwanza na kuunyima mvuke. Ukuta wa ndani hufifia, upepo hupungua kwa saa kadhaa, watu wanashusha pumzi. Kisha ule wa nje hujibana kuelekea katikati, na kama bahari bado ina joto, nguvu hurudi. Mara nyingi kimbunga huwa kimetanuka, hivyo upepo mkali unafika mbali kuliko jana yake.

Dhana: Kikigusa nchi kavu, kimekwisha.

Nusu yake ni kweli. Kimbunga hula mvuke wa bahari yenye joto la nyuzi 26 na kuendelea. Kikikosa chakula hicho, upepo hulegea haraka. Mvua haina haraka hiyo. Freddy, cha mwaka 2023, kiliipiga Msumbiji, kikarudi baharini kujaza nguvu, kikaipiga tena, na jumla kikadumu zaidi ya wiki 5. Lakini wengi wa waliokufa walikuwa Malawi, nchi isiyo na hata shubiri moja ya pwani. Waliuawa na mafuriko na maporomoko ya udongo.

Dhana: Kimbunga cha daraja la kwanza ni kidogo, hakuna haja ya kuhama.

Daraja, yaani kipimo cha ukali wa kimbunga, hupima upepo peke yake. Halisemi lolote kuhusu mvua, wala bahari itapanda kiasi gani.