Aliyepandisha bei ya kiti chako sio mchezaji

Jana tena kwenye grupu letu la Watanzania wa huku Marekani mtu kaandika eti tangu vijana wanaochezea timu za vyuo waanze kulipwa, tiketi za futiboli ya Kimarekani hazishikiki. Nimeisikia dirishani kazini, nimeisikia kanisani, nimeisikia mpaka kwenye send-off ya binti wa watu. Nauza tiketi za chuo kimoja huku mwaka wa tisa sasa, naombeni mnisikilize.

Tuanze na miaka. Vijana wameruhusiwa kupata hela kwa majina yao, yaani za matangazo na udhamini, Julai 2021. Vyuo vyenyewe kuwalipa kumeanza Julai 2025 baada ya kesi ya House, ile ya wachezaji dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikomo kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huo wa kwanza. Sasa, Chuo Kikuu cha Michigan walianza bei za kupanda na kushuka kufuatana na ukubwa wa mechi mwaka 2013, na 2014 mwanafunzi wao alikuwa anatozwa kama dola 280 kwa mechi 7. Kuna mchezaji alikuwa analipwa hapo?

Bei haitoki kwenye matumizi. Hakuna siku tumekaa ofisini tukachukua gharama tukagawanya kwa viti. Tunaangalia walanguzi waliuza kiti kile kwa ngapi msimu uliopita, nani anakuja kucheza kwetu, na wangapi hawakurudi kulipia, basi.

Mtaniambia Chuo Kikuu cha Tennessee je? Ni kweli, Septemba 2024 walitangaza asilimia 10 juu ya tiketi za msimu wa 2025, zile unazolipia mechi zote za nyumbani kwa mkupuo, kwa ajili ya wachezaji, pamoja na ongezeko la kawaida la wastani wa asilimia 4.5. Lakini uwanja wao wa Neyland unaingiza watu zaidi ya laki moja na viti vinagombaniwa. Wangeongeza hela ileile bila kumtaja mchezaji hata mmoja na watu wangelipa. Walichofanya ni kuwapa mashabiki mtu wa kumlaumu, na hilo linaniuma kwa sababu ni vijana wa miaka 19.

Kinachokukamua wewe ni mchango, na hakuna anayeuzungumzia. Bei iliyoandikwa kwenye tiketi ni sehemu tu, maana ili uruhusiwe hata kununua kiti kizuri unatakiwa uchangie idara ya michezo kila mwaka, na kadiri kiti kinavyosogea katikati ya uwanja mchango unapanda, kwahiyo mtu anakwambia tiketi yangu ya msimu ni dola 500 kumbe ametoa 1,500 na ile elfu moja anaiita sadaka. Na zamani sheria ya kodi ilikubali asilimia 80 ya huo mchango ihesabiwe kama msaada. Piga hesabu: umechangia 1,000, kodi yako iko kwenye asilimia 25, na unaorodhesha misaada yako kwenye fomu ya kodi ili ipunguze kodi, basi ulikuwa unaokoa dola 200. Kuanzia 2018 unafuu huo umefutwa. Yaani kiti kilipanda dola 200 na sisi hatujagusa bei, na mwaka ule watu walinigombeza dirishani kana kwamba sheria nimetunga mimi!

Halafu kuna mechi mbili tatu za kuja kufungwa, timu ndogo inalipwa hata zaidi ya dola milioni moja ije ipigwe pointi 50, na wewe umeuziwa humohumo kwenye tiketi ya msimu. Jaribu kuiuza hiyo tiketi uone.

Sasa je, ni haki? Kwa wanafunzi nina jibu: ilikuwa sio haki, na Michigan wenyewe walishusha mpaka dola 175 mwaka 2015. Kwa familia ya watu watano sina jibu safi. Tukishusha bei, walanguzi wanazoa, nimeshaona viti tulivyouza asubuhi vikiwa mtandaoni mchana mara tatu ya bei. Tukipandisha, mzee aliyekaa kiti kilekile miaka yote anaacha kuja. Nimewaona wakiacha.

Ukitupigia simu usiishie kuuliza tiketi ni ngapi. Uliza mchango wa seksheni hiyo ni ngapi, na mwakani utakuwa ngapi. Hilo la mwisho hata mimi huwa naambiwa Februari, siku moja kabla yenu.